Ačko na Wenzake

Bogomir alizaliwa akiitwa Kramberger, na angezikwa akiitwa Kramberger kama si wivu. Simsengenyi. Ninayoyasema hapa nimeshamwambia usoni, tena mbele za watu, na yeye akaitikia kwa kichwa huku akijimiminia mafuta ya mbegu za maboga kwenye saladi.

Mimi ni Hermina. Nilikuwa katibu muhtasi wa idara ya hisabati hapa Maribor tangu enzi za taipureta hadi nilipostaafu, kwa hiyo wanahisabati nawajua kuliko wanavyojijua. Watu wa mjini hudhani ni viumbe wakavu, wanakula namba na kunywa chaki. Wapi! Sijaona watu wenye wivu kama hawa. Seremala akitengeneza mlango, mlango unabaki, na kila apitaye anaufungua. Mwanahisabati ana jina lake tu juu ya makala, na makala yenyewe inasomwa na watu wasiojaza hata jiko langu. Ukimgusa jina umemgusa roho.

Bogomir alikulia kwenye vilima vya Slovenske gorice, nyumba yenye mizabibu michache nyuma yake na klopotec, kile kinu cha upepo cha mbao cha kufukuzia ndege, kikipiga kelele mpaka mavuno. Baba yake alitengeneza matrekta ya kijiji kizima. Mama yake, Rozalija, alishuka kuolewa kutoka milima ya Pohorje, na kwao waliitwa Ačko. Kaka zake walikufa bila watoto, na yeye mwenyewe alishaandikwa Kramberger siku ya harusi. Ukoo ukaisha hivyo, bila mtu kuutangazia msiba.

Bogomir alisoma Ljubljana, akarudi kwetu kuwa mhadhiri. Rafiki yake tangu ujana alikuwa Vinko Fras, mtu mnene, mcheshi, asiyejua kufunga mlango. Kila Jumamosi walipanda Pohorje pamoja, wakibishana juu ya grafu mpaka wakasahau kufungua mkate wao. Grafu kwa watu wa idara yetu si ile michoro ya bei inayopanda na kushuka. Ni nukta tu, na mistari inayounganisha majirani.

Wao walipenda grafu za jamii moja: zile zinazoweza kukaa ndani ya mchemraba wa vipimo vingi bila umbali wowote kupungua wala kuzidi. Bogomir alinieleza siku moja nikiwa namenya tufaha. Alisema, fikiria kila nukta ni mtu aliyejibu maswali ya ndiyo au hapana. Ukihamia kwa jirani, jibu moja tu linabadilika. Na kama wewe na mimi tunatofautiana majibu matatu, basi njia fupi kutoka kwako hadi kwangu ni hatua tatu, kamwe si zaidi. Kila swali linaigawa grafu pande mbili, kama mto Drava unavyougawa mji wetu, na kwenye grafu za namna hii, mtu wa upande wa huku akimwendea mwenzake wa upande huu huu, njia fupi haimvushi darajani. Nilielewa. Nikamwambia hilo hata shangazi yangu wa mtaa wa Tezno analijua. Alicheka, na ilikuwa nadra kumwona akicheka mpaka machoni.

Sasa, kuna desturi yao moja. Madaktari wakiandika makala pamoja, mkubwa anajipanga anapotaka. Wanahisabati hupanga majina kwa alfabeti, ukubwa hauhesabiwi. Ni desturi ya haki, wanasema wale ambao majina yao yanaanza na herufi za mwanzo. Makala za Bogomir na rafiki yake zote zilikuwa za Fras na Kramberger. Alivumilia. Wageni walipokuja kutoka nje wakamkumbatia Vinko, "Aaa, Fras! Nadharia ya Fras!", Bogomir alisimama pembeni akitabasamu kwa meno peke yake. Lakini wawili ni wawili. Jina la pili bado linasomwa.

Ndipo akaja Nives Arnuš kutoka Ptuj. Msichana mrefu, anacheka kwa sauti, anaingia mahali kabla ya kubisha hodi. Kichwa chake, nisiseme uongo, kilikuwa kikali kuliko vichwa vyote vya ghorofa yetu. Vinko alimpenda kwa akili yake kama mtu anavyopenda moto wakati wa baridi. Haukupita mwezi wakagonga glasi, kama kwetu watu wanapokubaliana kuitana kwa jina, na heshima zote za "Bwana Profesa" zikaisha. Akawa anamwita Vinko, kavu hivyo. Kramberger aliendelea kuitwa "Bwana Dokta" na "ninyi" ya heshima, kama daktari wa meno.

Mimi pia sikufurahi. Vinko alikuwa akinywa kahawa ya asubuhi ofisini kwangu, akinipa umbea wa siku nzima. Nives alipokuja, nikaanza kumwona akipita mlangoni kwangu na vikombe viwili mikononi, wala hageuki. Vikombe vile vilinichoma. Ndiyo maana nilielewa Bogomir anaumwa wapi, ingawa sikumwambia.

Jumamosi za Pohorje zikawa za watu watatu. Baadaye Bogomir akasema goti linamuuma. Goti halikuwa na ubaya wowote. Nilimwona Jumapili yake akikimbilia basi.

Makala ya kwanza ya watatu ilitoka: Arnuš, Fras, Kramberger. Na hapo ndipo donda lilipoanza kutoa usaha, maana makala ikiwa na watu watatu, dunia haiwataji wote. Inamtaja wa kwanza, wengine inawasukumia kwenye kapu. Bogomir aliingia ofisini kwangu na jarida mkononi, amekunja ukurasa.

"Bi Hermina, hebu soma hapa."

"'Kama walivyoonyesha Arnuš na wenzake.' Haya, vizuri. Wamewataja."

"Wamemtaja nani?"

"Ninyi."

"Mimi niko wapi hapo?"

"Si hapa, kwenye 'wenzake'."

"'Wenzake!'" Akaliviringisha jarida kama anayetaka kuua nzi. "Nimefanya kazi hii tangu yeye hajui kuhesabu vidole. Leo mimi ni mwenzake. Hata Vinko ni mwenzake!"

"Vinko halalamiki."

"Vinko anakunywa kahawa yake. Vinko ataanzaje kulalamika?"

Hilo lilinipata.

Nives hakuwa na kosa. Wazazi wake hawakumpa jina ili wamkomoe mtu. Bogomir alilijua hilo vizuri, na kulijua kukamzidishia uchungu, kwa sababu mtu mwenye kosa unaweza kumchukia ukapumua. Alimchukia kwa herufi. Akisikia kicheko chake koridoni, alifunga mlango wake taratibu, na kule kufunga taratibu kulikuwa kubaya kuliko kuubamiza.

Kwetu mtu akitaka kubadili jina la ukoo, anakwenda ofisi ya serikali, anaomba, anasubiri kidogo, basi. Hakuna anayemuuliza sababu. Masika moja nikaona kibao kipya kinapigwa misumari mlangoni kwake: Dr. Bogomir Ačko. Nilifikiri fundi amekosea chumba.

Vinko alisimama mbele ya kibao kile kwa muda, midomo ikicheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"A, halafu Č! Bogo, umemruka Nives kwa herufi moja tu!"

"Ni jina la mama yangu."

"Mama yako ana jina hilo tangu azaliwe. Leo ndiyo umelisikia?"

"Linakufa. Nimelichukua lisife."

"Kama ni huruma, basi sawa," Vinko akasema, na kicheko kikamkatika. "Lakini mimi sikujua kwamba ulikuwa ukiumia hivyo. Miaka yote hiyo nyuma yangu, uliumia pia?"

Bogomir aliingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Nives alimpongeza kwa adabu. Kisha akaja kwangu, mara ya kwanza kubisha hodi. "Bi Hermina, kama shida ni kutangulia, si angeniambia? Ningempisha."

"Alfabeti haipishani, mwanangu," nikamjibu. Neno "mwanangu" lilinitoka lenyewe, nikakasirika nalo.

Aliyenimaliza ni Rozalija. Mama yule alikuja mjini siku ya soko, akaingia ofisini kwangu na gibanica, keki yetu ya jibini, bado ina moto ndani ya taulo, kitambaa kichwani, viatu vya kanisani. "Umesikia, Bi Hermina? Mwanangu amechukua jina letu. Sikumwomba! Amelichukua mwenyewe!" Akakaa kwenye kiti cha wageni, akalia kama watu wanavyolia harusini. Bogomir alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama, naye akatazama kipasha joto cha ukutani. Nilikuwa na maneno mengi, lakini mama alikuwa akikata gibanica, nikachukua kipande changu.

Mwaka ule walikuwa wanaandika makala kubwa, ile ambayo ingewafanya wajulikane mpaka ng'ambo. Ilihusu ukingo: watu wanaokaa mpakani kabisa mwa kila upande, wenye jirani ng'ambo ya pili ya mto. Kwenye jamii ndogo ya grafu ambazo Bogomir na Vinko walizizoea tangu ujana, watu wawili wa ukingoni wakitembeleana, njia fupi hufuata ukingo huo huo. Sasa walikuwa wametoka kwenye jamii ile ndogo, wameingia kwenye ukoo wote mpana. Vinko aliandika sehemu ya kwanza, Nives ya pili, Bogomir ya tatu.

Nives alimkuta Bogomir kwenye mashine yangu ya kunakili.

"Bwana Dokta, naomba nipitie sehemu yenu kabla hatujatuma."

"Ya nini?"

"Pale mnaposema njia inafuata ukingo..."

"Inafuata."

"Kwenye zile za zamani, ndiyo. Hizi ni pana zaidi, sina hakika kama..."

"Binti," akasema, na sauti ilikuwa tamu kama siki, "mimi na Vinko tulitembea kwenye ukingo huo wewe ukiwa na nepi. Soma ya kwako."

Nives aligeuka kumtazama Vinko, aliyekuwa akinywa kahawa yangu siku hiyo, kwa bahati. Vinko alikuwa amechoka na vita vile. "Bogo anajua ukingo," akasema. "Tutume." Wakatuma.

Makala ikatoka. Ačko, Arnuš, Fras. Kipupwe kizima Bogomir alikuwa mtu mwingine. Alipiga mluzi kwenye ngazi. Aliwanunulia wenzake divai na maji ya gesi pale chini kando ya Drava, hata Nives, na kila jarida lililoandika "Ačko na wenzake" alilileta mezani kwangu, kama paka aletavyo panya. Nilimwambia, "Mkuki kwa nguruwe, Bogo. Sasa Nives ndiye mwenzake." Akasema Nives ni kijana, atazoea.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ujumbe ulitoka kwa mama mmoja wa Marseille, umejaa heshima, kama wanahisabati wafanyavyo wakitaka kukuua. Aliifurahia makala, alijifunza mengi, ila kwenye sehemu ya tatu kuna hatua moja hakuielewa. Chini yake alikuwa amechora pembesita.

Chora na wewe, utaona. Kata pembesita katikati kwa mto, kila upande ubaki na pembe tatu. Mbili ziko ukingoni, zina jirani ng'ambo. Ya katikati iko ndani, mbali na maji. Wale wawili wa ukingoni wakitaka kutembeleana, njia fupi inapita kwa yule wa ndani. Haifuati ukingo hata kidogo. Bogomir alikuwa ameubeba ukweli wa grafu zake za zamani akauingiza kwenye nyumba mpya, kama mtu aliyezoea kitasa kiko kulia. Ni kosa ambalo mgeni wa kazi ile asingelifanya. Lilitaka mtu aliyekaa humo miaka mingi, halafu akatae kuulizwa.

Nives aliusoma ujumbe ule amesimama. Hakusema "nilisema". Laiti angesema! Bogomir alingoja aseme, uso umemtoka jasho, na msichana akakunja karatasi akasema tu, "Labda linatengenezeka."

Makala ya yule mama ilitoka baada ya muda. Kichwa chake: Kuhusu Kosa katika Ačko na Wenzake. Wanafunzi wakalipokea kosa hilo haraka kuliko walivyowahi kupokea ukweli wowote. Mtu akibeba mazoea ya mahali pengine bila kuangalia, wanamwambia, "Hilo ni kosa la Ačko." Nilimsikia mmoja akilisema kwenye ngazi, na Bogomir yuko ngazi mbili nyuma yake.

Vinko ndiye aliyemtafutia mlango wa kutokea. Alikuja na chupa, akakaa ofisini kwangu, akamwita.

"Rudi Kramberger, Bogo. Kramberger hajakosea mahali. Ana makala zake safi, anaheshimika. Ačko atabaki na kosa lake huko, mtu mwenyewe hayupo."

Niliona Bogomir anavyoushika ule mpango, kama aliyezama akashikishwa kamba. "Inawezekana," akasema. "Kwanza nimwambie mama."

Tulikuwa wote kwa Rozalija siku ya Mtakatifu Martin, siku mvinyo mpya unapobarikiwa. Vinko alikuja, nami nikaja, na Nives alialikwa na mama mwenyewe, aliyetaka kumwona huyo msichana wa Ptuj anayesifiwa. Kulikuwa na bata bukini na mlinci, zile chapati kavu za kwetu, zilizolowa mafuta yake. Mama akaweka mezani chupa ya mvinyo wa mizabibu ya nyuma ya nyumba. Alikuwa amebandika karatasi mwenyewe, kwa mwandiko wa shule ya zamani: Ačko.

Bogomir aliitazama chupa ile mpaka chakula kikapoa.

"Mama, nataka kurudi Kramberger."

Mama akaweka kisu chini. "Kwa nini?"

"Nimelichafua. Nimekosea mbele ya watu, na kosa limeitwa kwa jina lenu. Watoto wanalitaja kwenye ngazi."

"Na ulilichukua kwa nini?"

Vinko akageukia dirisha. Nives alikuwa akizikata mlinci vipande vidogo visivyolika.

"Kwa sababu linaanza na A," Bogomir akasema. Akamwonyesha Nives kwa kidevu. "Nilimwonea wivu huyu. Wivu mbaya, mama. Sikulala. Si kwa ajili yenu. Nisameheni."

Nilitegemea machozi. Mama alichukua kipande cha mkate, akafuta mafuta ya sahani yake polepole.

"Unadhani sikujua? Ulipoanza shule ulirudi unalia kwamba mwalimu anamwita mtoto wa Ambrož kabla yako. Nilikuosha miguu hapo hapo ulipokaa, nikasema, haya, nimejizaa mwenyewe."

"Mlijua, na mkaenda kulia kwa Bi Hermina?"

"Mwenye njaa haulizi mkate umetoka kwa nani." Sasa sauti ilipanda. "Wivu! Unaniambia mimi habari za wivu? Jina la baba yako limeandikwa karakana, limeandikwa kwenye trekta, limeandikwa kaburini na mahali pangu pameachwa chini yake. Wewe mwenyewe nilikubeba mimi, ukatoka umeandikwa yeye. Miaka yote nilipika humu ndani nikilionea wivu jina la mume wangu, na alikuwa mtu mwema. Langu halikuandikwa popote. Sasa limeandikwa, mpaka Ufaransa wanalisoma, hata kama ni juu ya kosa, na wewe unataka ulifute?"

Nives ndiye aliyesema, tena kwa sauti ndogo nisiyoijua. "Mama, kosa lenyewe nimepata dawa yake. Nadhani nimeipata." Bogomir alimgeukia. Niliona wivu ukimpanda tena shingoni, mwekundu, hai kabisa, kwamba hata dawa ameipata yeye. Ulimpanda, akaumeza. Akamsogezea karatasi ya kufutia mikono na kalamu. "Nionyeshe," akasema.

Ilikuwa dawa kweli. Waliiandika kama masahihisho, na Bogomir akawaandikia wenye jarida kwamba safari hii wamweke Arnuš kwanza. Wakamjibu kwa upole kwamba desturi ni alfabeti. Akabishana nao, akashindwa. Wageni wakaanza kumpa mkono kwa "yale masahihisho mazuri ya Ačko," na kila mkono ulimchoma, kwa sababu sasa alikuwa akisifiwa kwa kazi ya yule yule aliyemwonea wivu. Mwisho akawaomba kitu kimoja tu, sentensi fupi chini ya majina, na hiyo hawakumkatalia.

Jarida lilipofika alilipeleka vilimani, nami nikamsindikiza. Mama hakuwa na miwani.

"Nisomee."

"'Kosa lilikuwa la mwandishi wa kwanza. Dawa yake aliipata wa pili.'"

"Wa kwanza ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama."

"Soma tena," mama akasema. "Lakini anzia kwenye jina."